Roboti ya laki tatu na nusu eti "siyo ya kuchezea": wachambuzi mmetuponza

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, atakayeona lugha kali anivumilie.

Mimi ni fundi redio, kibanda changu kipo Mlango Mmoja hapa Mwanza. Kufungua na kufunga vitu vidogo ni kazi yangu tangu simu hazijawa na kamera. Nalisema mapema kwa sababu najua kuna mtu atakuja na "labda ulikosea kuigeuza". Sikukosea.

Nimenunua Soundwave mpya, yule roboti wa Transformers anayegeuka redio kaseti. Siyo ya Hasbro wala Takara Tomy, wenye Transformers yao, ni ya zile kampuni za pembeni zinazotengeneza bila leseni, na jina lake silitaji. Laki tatu na nusu, pamoja na nauli ya basi mpaka stendi ya Nyegezi. Mlango wa kifuani umekufa siku ya pili, mbonyezo wa kumi na moja. Sikuwa nahesabu mimi, mpwa wangu wa darasa la tatu ndiye alikuwa anahesabu kwa sauti: "Anko, kumi! Anko, kumi na moja!" Kisha kimya, na kitufe kimebaki ndani.

Nikampigia muuzaji. Swali lake la kwanza: "Umempa mtoto?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka, wakuu. Akasema, "Kaka, hiyo siyo ya kuchezea, ni ya kuweka kabatini."

Yaani mdoli. Siyo wa kuchezea.

Ya zamani ninayo, ngoja niwaeleze ndipo mtaelewa kwa nini damu inachemka. Mama alikuwa akiuza samaki Mwaloni Kirumba, na kati ya wateja wake wa kudumu kulikuwa na familia moja ya Kihindi ya pale mjini. Mwaka 1990 walipohamia Kanada wakamwachia sufuria mbili, cherehani isiyo na mkanda na boksi la midoli ya watoto wao. Sisi mtaani tulikuwa watu wa magari ya waya na matairi ya kandambili. Nikatoa humo kitu cha bluu, nikadhani ni redio kaseti ndogo iliyoharibika, nikaanza kuifungua. Ikaota miguu. Nadhani ufundi wangu ulianzia hapo, maana kesho yake nilifungua redio ya baba nikitafuta miguu, nikala fimbo.

Kwa wasioijua: Soundwave iliingia madukani Marekani mwaka 1984, Hasbro walipochukua roboti za Takara wa Japani na kuzipa jina la Transformers. Optimus Prime, yule anayegeuka lori, alitoka kwenye safu ya Takara iitwayo Diaclone. Soundwave hakutoka huko. Yeye ni wa Micro Change, safu ya vitu vya kawaida vya mkononi vinavyogeuka roboti: bastola, ambayo ndiyo Megatron, kamera, kinasa sauti. Ndiyo maana kaseti zake zina ukubwa wa zile kaseti ndogo za vinasa sauti vya waandishi wa habari. Ukibonyeza kitufe, mlango unafunguka "ta!", anatoka Buzzsaw, kaseti inayogeuka tai. Na bunduki zake mbili zinakunjwa zikawa mfano wa betri, unazipanga mgongoni mahali pa betri. Aliyebuni hilo akipita Mwanza, sato mkubwa wa kukaanga ni juu yangu.

Yangu ilikuja imepungukiwa betri moja na stika zimebanduka. Lakini mlango unafunguka mpaka leo. Miaka thelathini na zaidi, watoto wa mtaa mzima wamebonyeza, na mimi mwenyewe nimebonyeza kuliko wote. Nimeshaufungua, najua siri yake: springi ya chuma inasukuma mlango, na ndoano nene ya plastiki inaushika. Kila kimoja na kazi yake.

Hii mpya nimeifungua jana usiku. Hakuna springi. Kuna ulimi mmoja mwembamba wa plastiki ambao ndio springi na ndio ndoano. Juu ya hapo wanajisifu kwamba kifua kinabeba kaseti tatu badala ya moja. Ukizijaza tatu, mlango unasukumwa kwa nje muda wote, na mzigo wote unaubeba ule ulimi. Fundi yeyote wa deki angewaambia hilo kabla hawajamwaga plastiki kwenye kalibu. Nyonga nazo zimeshaanza kulegea, roboti inakaa mguu pande kama mlevi wa Jumamosi. Na bunduki? Hazikunjwi. Zipo kwenye mfuko wa nailoni, hazina pa kuwekwa.

Msinielewe vibaya, sisemi cha kale ndiyo dhahabu. Ile ya 1984 inasimama kama askari wa gwaride, hatua haipigi. Viungo vipya vilihitajika kweli. Hata wenye mali yao wanapapasa: mwaka 2019 kwenye safu ya Siege, Hasbro walimfanya Soundwave chombo cha anga, ambacho ukikikunja vingine kinakuwa taa ya barabarani. Taa! Mtu amezaliwa redio, leo anasimamishwa kando ya lami. Lakini mwaka 2024 Takara Tomy wakaleta Missing Link, wakaanza na Convoy, ndiyo jina la Optimus Prime huko Japani. Sura ileile ya mdoli wa 1984, viungo vipya vimefichwa ndani. Kumbe inawezekana.

Sasa nyinyi wachambuzi. Hii roboti niliinunua kwa sababu ya video ya mmoja wenu, wa Kiswahili kabisa, aliyeipa 9 kwa 10. Nimeirudia ile video mara nne. Dakika kumi nzima ni boksi. Boksi lina harufu nzuri, boksi lina picha, tunaona makucha yake anavyokata selotepu. Kuigeuza ameigeuza mara moja, na ukifika kwenye miguu video inakatwa, ikirudi miguu imeshakaa. Kitufe amekibonyeza mara mbili! Nilipomuuliza kwenye maoni kama alipewa bure na muuzaji, akafuta swali. Mchambuzi wa sufuria huwa anapika. Wewe umechambua kitu cha kugeuza bila kukigeuza, umechambua kitufe bila kukibonyeza, halafu unaniambia "moto wa kuotea mbali".

Ninachotaka kuona kwenye rivyu ni kidogo sana. Igeuze mara hamsini. Mpe mtoto siku mbili. Kisha toa bisibisi tuone ndani. Kama unaogopa kuifanyia hivyo, basi huo woga ndio rivyu, useme.

NYONGEZA saa 3 usiku: Muuzaji kasoma huu uzi, kanifuata inbox, anasema atanirudishia elfu hamsini nikifuta. Sifuti. Anipe kitufe kizima.

NYONGEZA nyingine: Wanaoniuliza nitaifanyaje, nimeshakata ulimi wote na kuchonga nafasi ya springi ya kweli. Niliyojaribu, ya kalamu, ni kali mno, kaseti inaruka mpaka chini ya meza, na mpwa wangu amefurahi kuliko mwanzo. Nahitaji laini kidogo. Mwenye deki mbovu ya kaseti, iwe ya gari au ya nyumbani, aliye Kirumba, Igoma au Buhongwa, aniletee kibandani. Nataka ile springi ya mlango tu, vingine vyote unarudi navyo.