Sikio linalia nyenje usiku kucha: nahodha wa boti anunue vizibo gani?

NahodhaMkunguni (Lamu)

Asalaam aleikum wanabaraza. Naomba ushauri kwa yeyote anayeishi na mlio wa masikio.

Mimi navusha abiria kati ya Mokowe na Lamu kwa boti ya faiba, huu mwaka wa 11. Mashine ni ya farasi 40. Nakaa nyuma, mkono kwenye usukani, na sikio la kushoto ndilo linaloielekea mashine siku nzima. Kabla ya Ramadhani iliyopita nilianza kusikia mlio mwembamba usiku. Nikadhani ni nyenje kajificha kwenye boriti. Nikawasha tochi, nikapiga boriti kwa fimbo ya ufagio, hakunyamaza. Nikamwuliza mke wangu, "Huyu nyenje yuko upande gani?" Akaniambia, "Nyenje yupi?" Hapo ndipo moyo uliponishuka. Mlio uko masikio yote mawili, ila kushoto umezidi.

Daktari aliniangalia akasema nta hakuna, ngoma ya sikio nzima, nijikinge na kelele. Vipi, hakunieleza. Nikanunua zile sponji za njano za kuziba masikio kwenye duka la vifaa vya ujenzi, paketi imeandikwa 32. Shida zangu ni tatu. Kwanza, tukifika katikati ya mkondo zishachomoka. Pili, zikikaa simsikii abiria. Juzi mama mmoja alinipigia kelele nipunguze mwendo, mtoto analowa, sikujua mpaka aliponishika bega. Na mimi mashine naijua kwa sauti, ikianza kukosa maji naisikia kabla sijaiona. Tatu, nimejaribu kulala nazo, na nyenje ndiyo kwanza anapata nguvu.

Kuna zozote zinazokinga bila kunifanya kiziwi kazini?

Fundi_Randa (Malindi)

Waaleikum salaam. Pole sana kaka, naujua huo usiku. Mimi ni seremala, randa ya umeme na msumeno wa meza vimenipa mlio wangu tangu 2016.

Kuhusu kuchomoka, nahisi huzitii sawasawa. Mimi mwenyewe nilizitumia vibaya miaka miwili. Mikono iwe mikavu na safi. Isokote sponji kwa vidole mpaka iwe nyembamba kama njiti, isiwe na mikunjo. Ukitia sikio la kushoto, pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, shika ncha ya sikio uivute juu na nyuma. Tundu linanyooka. Sukuma sponji upesi kabla haijavimba, kisha ishikilie kwa kidole nusu dakika bila kuiachia. Hapo kwenye kuishikilia ndipo watu wengi wanapokosea. Ikikaa vizuri, mtu akikutazama usoni haioni, na sauti yako mwenyewe utaisikia nzito, kama unaongea ndani ya mtungi. Ikining'inia nje kama kizibo cha chupa, haijaingia.

Usizitie kwa vidole vyenye petroli au chumvi. Zikishakuwa ngumu au chafu, tupa.

Mzee_wa_Pamba

Mimi natia pamba na mafuta ya nazi kidogo, sijawahi kupata shida. Vijana mnatumia pesa bure.

Muuguzi_Masikio

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, pamba haikingi. Inapunguza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) chache tu, na vipande vyake vinabaki ndani ya tundu. Mafuta nayo yanavuta vumbi.

Nahodha, nafanya kazi kitengo cha masikio, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo, ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa ya ubongo. Kelele huzichosha, ikizidi huziua, na kwa binadamu hazioti tena. Ubongo ukikosa taarifa kutoka kwa zile zilizokufa, kama kwamba huongeza sauti yake wenyewe kujazia pengo. Huyo ndiye nyenje wako. Vizibo havimfukuzi, vinazilinda seli zilizobaki.

Sasa ipime kelele yako. Tia programu ya kupimia sauti kwenye simu, haitakuwa sahihi kabisa lakini itakupa picha. Kanuni za Kenya za 2005 kuhusu kelele kazini zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri 85 kwa saa 8, na kila ikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1. Mimi nafuata hiyo ya pili, hasa kwa mtu ambaye tayari ana mlio.

Ile 32 ya paketi ni desibeli ambazo kizibo kinapunguza, na ilipimwa maabara. Kwa makadirio ya kazini, toa 7, kisha gawa kwa 2. Unabaki na kama 12 na nusu. Kwa hiyo paketi yenye namba kubwa si lazima iwe ndiyo bora kwako. Unatafuta sauti ifike sikioni ikiwa kati ya 75 na 80 hivi. Ukiizima kupita hapo unakosa kusikia hatari, na kwenye boti hilo si jambo dogo.

NahodhaMkunguni

Ahsante dada. Nimepima leo, simu nimeishika karibu na bega. Mwendo wa kawaida 92 mpaka 95. Kuvuka ni kama dakika 10, na siku nzuri navuka mara 16.

Muuguzi_Masikio

Hizo ni zaidi ya saa mbili na nusu kwa siku, mahali ambapo kwa 94 saa moja inatosha. Huhitaji ushahidi mwingine.

Ila naomba unijibu: mlio wa kushoto unadunda pamoja na mapigo ya moyo? Umewahi kuhisi kizunguzungu? Ulikunywa kwinini ya malaria au aspirini nyingi kabla haujaanza? Dawa hizo zinaweza kuleta mlio, na mara nyingi hutulia zikisimamishwa, lakini usiache dawa uliyoandikiwa bila kumwuliza aliyekuandikia. Kwa kuwa upande mmoja umezidi, fanya kipimo kamili cha kusikia, hata kama mashine iko upande huo huo. Na wasomaji wengine, sikio likiziba ghafla ukaacha kusikia, usingoje wiki ipite. Dawa yake hufaa zaidi ikianza siku za mwanzo.

Kinanda_cha_Harusi (Malindi)

Yakhe, sponji zinakata sauti nyembamba kuliko nzito, ndiyo maana mngurumo wa mashine unaupata na maneno ya abiria yanapotea. Tafuta vizibo vyenye kichujio, vile vya wanamuziki. Ni vya silikoni, vina ngazi tatu kama mti wa krismasi, katikati kuna kitundu chenye kichujio. Vinapunguza sauti zote karibu sawa, kama kupunguza redio. Nakaa mbele ya spika za taarab mpaka saa nane usiku na bado nasikia mwimbaji akibadilisha ufunguo. Mimi natumia ER20 za kampuni ya Etymotic, lakini ziko za kampuni nyingine pia. Zinaoshwa kwa maji na sabuni, zinakaa miezi mingi. Zifunge uzi, upitishe nyuma ya shingo. Kwenye boti bila uzi utazipoteza siku ya kwanza.

Kuna pia zinazofinyangwa kwa umbo la sikio lako. Ni nzuri kuliko zote na bei yake ni kubwa. Anza na za kawaida.

Mzamiaji_Kamba

Samahani naingilia, zinafaa kuzamia?

Muuguzi_Masikio

Hapana, kabisa. Ukishuka, kizibo kinafungia hewa kwenye tundu na shinikizo linaweza kuumiza ngoma ya sikio.

BintiLangoni (Lamu)

Kaka, mimi niseme la usiku, kwa sababu mamangu ana mlio huu miaka sita na mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja.

Vitoe hivyo vizibo ukilala. Ukizima kila kitu unabaki wewe na nyenje peke yenu. Mama alikuwa akifunga madirisha, akafunika kichwa kwa mto, na asubuhi anaamka analia. Tukafanya kinyume. Tukafungua dirisha la upande wa bahari na kuwasha feni ya zamani inayovuma. Feni isizidi mlio, iwe chini yake kidogo, masikio yapate kitu kingine cha kushika. Wiki ya kwanza hakuona tofauti. Mwezi wa pili siku moja aliniambia amelala mpaka punda wakaanza kulia alfajiri. Bado ana mlio. Lakini sasa halali akiusubiri.

Mchana pia, usitembee navyo sokoni wala nyumbani. Mama alizoea kuziba masikio kila saa mpaka mlio wa sufuria ukawa unamuumiza. Ilibidi aachishwe polepole.

NahodhaMkunguni

Dada, Mungu akuzidishie. Mlio haudundi, kizunguzungu sina, kwinini sijanywa. Swali la mwisho: Mfungo Sita unakaribia na mimi Maulidi siwezi kukosa. Nikae mbali na matari?

Kinanda_cha_Harusi

Nenda, yakhe. Valia vile vya kichujio kabla hujaingia, si baada ya kuanza kuumia. Usikae usawa wa spika. Kila baada ya muda toka nje kidogo, masikio yapumzike. Na wanao, kama ni wadogo, watafutie vifuniko vya nje vya kichwa, tundu zao hazishiki vizibo vya watu wazima.

NahodhaMkunguni (wiki tatu baadaye)

Narudi na habari. Za kichujio niliagiza Mombasa, zimekuja na basi. Siku mbili za kwanza zilinikera, zinawasha, na kila nikimeza mate nasikia ndani ya kichwa. Siku ya tatu nikazisahau. Abiria nawasikia. Juzi mashine ilianza kukosa maji karibu na Mokowe, nikaisikia, nikazima, nikatoa mfuko wa nailoni ulioziba tundu la maji. Sponji nimeziweka kwa siku ya kukata faiba na msasa wa umeme, na sasa zinakaa, nimefuata maneno ya Fundi.

Usiku nalala dirisha wazi. Nyenje yuko. Kuna usiku nalala kabla yake.

Kipimo ni Jumanne ijayo. Nitaleta karatasi hapa mnisomee.