Mafundi mnaokaza bushi za Land Rover gari likiwa juu ya jeki, mnatuibia

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, na nitaandika hivyo hivyo.

Nina pikapu ya Land Rover 109, Series III, aina iliyoanza kutoka kiwandani 1971 ikakoma 1985. Niliipeleka gereji wanibadilishie bushi zote za springi, mbele na nyuma. Nikalipa bushi, nikalipa ufundi, nikakabidhiwa gari. Masika hayajakatika, mlio ukarudi: nikikanyaga breki, "kong!" chini ya miguu, na barabarani usukani unatangatanga, kila saa ni kuurudisha. Nikaenda gereji. Fundi mkuu, bila hata kuinama kuchungulia, ananiambia, "Mzee, gari la zamani hili, na barabara zetu unazijua." Hapo hapo akanitajia bei ya bushi nyingine.

Nikaondoka na gari langu. Kazi nimeifanya mwenyewe uani, na nilichokitoa kwenye macho ya springi, yale matundu ya ncha zake, ndicho kilichonifungulisha uzi huu. Ile mipira haikuisha kwa kusagika. Ilichanika kwa kuzungushwa, imekamuliwa kama tambara la kudekia, bushi moja baada ya nyingine.

Kwa wasiolijua gari hili: bushi yake ni bomba la chuma ndani ya bomba jingine, katikati kuna mpira ulioshikana na chuma pande zote mbili. Bomba la nje hukaa kwa kubana ndani ya jicho la springi au tundu la chesisi, ile fremu ya chuma iliyobeba gari. Bomba la ndani, ukishakaza bolti, linabanwa kwa nguvu na halizunguki tena. Springi ikipanda na kushuka, kinachojipinda ni mpira peke yake. Sasa ukikaza bolti gari limeinuliwa na springi zinaning'inia, umeufunga mpira katika hali hiyo. Ukilishusha, uzito wa gari unaupinda, nao unabaki umepindika usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Shimo likija linakuta mpira umeshavutwa karibu na mwisho wake. Kitabu cha matengenezo kinasema wazi kwamba bolti zikazwe kabisa gari likishasimama kwa matairi yake. Nilimwambia fundi hivyo tangu mwanzo. Akanijibu ameanza kufunga Land Rover sijajua kuendesha.

Barabara mbovu zipo, sikatai. Lakini magari haya yametembea kwenye mbuga na milima ya nchi hii miaka yote kabla lami haijafika, na bushi zilizofungwa sawasawa zilikuwa zinakaa. Kusingizia barabara ni njia ya kutuuzia bushi zile zile kila mwaka.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya hela. Bushi za kwenye chesisi zikishika kutu hazitoki kirahisi, kwa hiyo walizitoa kwa moto wa gesi. Kwenye pikapu kama hii tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele! Unawasha moto hatua chache kutoka kwenye petroli ya mtu, moshi wa mpira unawaingia vijana wako kifuani, halafu unaniachia tundu la chesisi limeungua na kupinda. Bushi mpya ikiingizwa humo inacheza, nayo ndiyo iliyonipa taabu kuliko zote.

Njia isiyo ya moto ipo, na imewezekana uani kwangu. Gari likae juu ya stendi madhubuti zilizowekwa chini ya chesisi, matairi mengine yakingwe kwa magogo. Hiki ni chuma cha zaidi ya tani moja na nusu, usilale chini ya jeki tupu. Bolti ikigandia ndani ya bushi usiipige nyundo mpaka uharibu uzi wake, ikate tu, utanunua nyingine. Halafu toboa mpira kwa drili kuzunguka lile bomba la ndani mpaka lichomoke. Linabaki ganda la nje. Fungua ubapa wa msumeno wa chuma, upitishe ndani ya tundu, uufunge tena kwenye msumeno, ulikate ganda kwa urefu taratibu, ukisimama kabla hujaigusa chesisi. Patasi na nyundo zinalikunja kwa ndani, linatoka. Mkono unauma, jasho linakuingia machoni, lakini tundu linabaki zima. Lipige msasa. Bushi mpya ivutwe ndani kwa bolti ndefu, nati, washa nene na kipande cha bomba kinachosukuma lile ganda la nje. Ukisukuma bomba la ndani unaichana bushi kabla haijafanya kazi. Grisi paka kwenye mwili wa bolti isigande tena, usiipake kwenye mpira, mafuta yanauvimbisha.

Wauza spea nao wajue tumewachoka. Bushi inaingia kwa kidole, eti "jenyuini" kwa sababu boksi lina nembo! Mteja akiomba kuipima kabla ya kulipa, anafukuzwa dukani.

Oktoba 2024 tuliijaza Arusha kwa tamasha la Land Rover, dunia nzima ikaona tunavyoyapenda magari haya. Basi tufungiwe kama yanavyotakiwa kufungwa. Dai langu kwa ile gereji ni moja, wanirudishie hela ya ufundi, na nimeshawapelekea bushi zilizochanika wazione.

Wenye Land Rover mliobadilishiwa bushi karibuni, fanyeni hivi kesho asubuhi. Egesha mahali tambarare, gari lisimame kwa matairi yake, kinga matairi, kisha legeza nati za springi kidogo tu, moja moja, bila kuchomoa bolti. Ukisikia bomba la ndani limeruka kujizungusha, ujue ilikazwa hewani. Kama mpira haujachanika bado unaokoka: utikise mwili wa gari juu chini springi zijikalie, kaza hapo hapo lilipo. Kisha njooni mseme hapa mmekuta ngapi.