Nyumba ya mzee, Igogo Mwanza: ukuta mpya unaachana na wa zamani

Wakuu, habari za leo. Nyumba ya marehemu baba hapa Igogo, ya tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, nimeiongezea vyumba viwili vya tofali za saruji upande wa bondeni. Lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) imeshafungwa, bati limepanda. Sasa ukuta mpya unapokutana na wa zamani pana ufa, kidole kinaingia. Msingi wa mzee umekaa juu ya jiwe, wangu uko kwenye kifusi. Fundi anasema tuzibe kwa plasta (huyu akishalipwa hapatikani). Kaka anataka tubomoe kona tuunganishe kwa nondo. Mimi nawaza kuzitenganisha kuta hizo mbili kabisa, niache nafasi katikati. Mama analala mle mle, na mvua ndiyo hizi. Mliojenga kwenye miamba ya Mwanza, mngeanzia wapi?