MREJESHO: Njia ya baiskeli Mkuyuni hadi Butimba

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri jinsi ya kudai njia ya baiskeli Mkuyuni hadi Butimba, hapa Mwanza. Asanteni mno. Nilimsikiliza aliyesema "hesabu baiskeli kwanza": asubuhi tatu, saa 12 hadi saa 2, daftari mkononi kando ya barabara. Mzee mmoja mwenye tenga la sato nyuma ya baiskeli alisimama, akawa wa kwanza kutia sahihi daftarini kuunga mkono ombi. Diwani ameliona daftari, amekubali kulifikisha kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Wazo la kupita kando ya reli limekwama: reli hiyo iliyofika Mwanza 1928 bado inapitisha treni. Anzeni na mabega ya barabara, huko tumesikilizwa.