Tupeane uzoefu: vurugu za kisiasa na ugaidi wa kidini, je, ni haki kuvilinganisha?

Swali hili halimaliziki kwenye baraza za Mombasa, na kila likizuka watu huishia kutajiana dini na makabila. Wenye ujuzi wa kuchunguza mashambulio kama haya, tuelezeni mnavyopima. Visa vya familia zetu wenyewe tuviweke kando, tupeane namna ya kulinganisha.

Mkusanyaji ushahidi, Likoni

Usianze na jina la tukio. Uliza kwanza: nani alilengwa, alitambuliwa vipi, nani alifaidika, nani alishtakiwa. Chukua Likoni, 13 Agosti 1997. Kituo cha polisi kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zaidi ya 40 zikachukuliwa. Vijana walikuwa wamelishwa kiapo na kufanyishwa mazoezi kwenye msitu wa Kaya Bombo. Vikaratasi vikawaambia wabara wafungashe. Watu zaidi ya 100 walikufa, na kama 100,000 hivi wakahama. Uchaguzi ulikuwa Desemba mwaka huohuo, na mtu hupiga kura pale alipoandikishwa: ukimfukuza Likoni, kura yake umeifuta bila kugusa sanduku. Mwathiriwa alitambuliwa kwa jina lake na lafudhi yake. Sasa nenda Garissa, 2 Aprili 2015, chuo kikuu: Al-Shabaab waliua watu 148. Pale walitenganishwa kwa dini. Uchambuzi wa nani afe ni uleule, kilichobadilika ni kipimo.

Wakili, Mji wa Kale

Naongezea upande wa sheria, maana hapo ndipo watu hupotea. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 haidai mshtakiwa awe na lengo la kidini. Inatazama kitendo (kuua, kuhatarisha maisha) pamoja na nia: kuutia umma hofu, kuishurutisha serikali, au kuyumbisha taasisi za nchi, zikiwemo za kisiasa. Ukiyasoma maneno hayo kwa makini, ya Likoni yangeingia bila shida, ila sheria haikuwapo. Tatizo liko kwenye utekelezaji. Anayeshikwa kwenye fujo za uchaguzi hufikishwa kortini ndani ya saa 24 na kushtakiwa kwa wizi au kuchoma nyumba. Anayeitwa mshukiwa wa ugaidi, korti inaweza kuamuru azuiliwe hadi siku 90 kwa jumla upelelezi ukiendelea. Nyumba iliyoungua ni moja, njia ni mbili, na anayechagua njia ni mwenye kuandika shtaka. Vijana wetu wa Majengo na Kisauni wanalijua hilo vizuri, na inaniuma.

Mtafiti wa mizozo, Nyali

Wakili, nakubali kwa sheria, lakini kuna tofauti moja ambayo haifai kufichwa. Vurugu za kisiasa zina mwenyewe anayeweza kuzizima. Baada ya uchaguzi wa 2007 walikufa zaidi ya watu 1,100. Kibaki na Raila walipotia saini mkataba wa kugawana madaraka 28 Februari 2008, mbele ya Kofi Annan, mauaji yalipungua haraka. Al-Shabaab hawana kiti cha kugawana. Kwa hiyo linganisha madhara na mbinu, lakini dawa usizifananishe.

Na kuna matukio yasiyokubali kuwekwa upande mmoja. Mpeketoni, kaunti ya Lamu, Juni 2014: zaidi ya watu 60 waliuawa pale na vijiji jirani. Al-Shabaab wakadai ni wao, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akasema ni mitandao ya kisiasa ya hapo hapo. Mji ule ulitokana na mpango wa makazi wa miaka ya 1970 uliowaleta walowezi wengi Wakikuyu, na kinyongo cha ardhi hakijaisha mpaka leo. Kundi la kidini lilipita kwenye ufa uliokuwa tayari umechimbwa na siasa. Anayekulazimisha uchague sababu moja hajaisoma Lamu.

Mkusanyaji ushahidi, Likoni

Basi nimalizie na kazi ya mikono, kwa anayetaka kuandika tukio lolote kati ya haya. Taarifa ipelekwe kituoni na uchukue nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) palepale. Bila hiyo hakuna wa kumfuatilia. Majeruhi achukue fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, daktari aijaze mapema kabla kidonda hakijafunga. Alichokiona shahidi kiandikwe mbali na alichokisikia. Maneno ya mshambuliaji yaandikwe kama yalivyotamkwa, kwa lugha ileile, kwa sababu "toka kwetu" na "soma shahada" hupeleka upelelezi sehemu mbili tofauti. Neno "gaidi" lisiingie kwenye maelezo ya shahidi kama yeye mwenyewe hakulitamka. Mwandishi akilitia, wakili wa upande wa pili atalivuta na maelezo yote yatatiliwa shaka. Na mtu akichukuliwa na wenye silaha, familia isipoambiwa yuko kituo gani, isizunguke wiki nzima ikiuliza milangoni: wakili awasilishe Mahakama Kuu ombi la habeas corpus, yaani la kutaka aliyeshikwa aletwe mbele ya korti, mapema iwezekanavyo.