Vizibo vitatu vya oili: mashine ya kufyekea imenoki, mchanganyiko sahihi ni upi?

Mfyekaji wa Kihonda

Habari za jioni wakuu. Nipo Morogoro, kazi yangu ni kufyeka majani: viwanja vya shule, nyumba za watu, makaburini, na viwanja ambavyo wenyewe bado hawajajenga. Nilikuwa na Stihl FS 250 ya mtumba, ile ya kuvaa mkanda begani, nimekula nayo miaka miwili.

Mwezi uliopita masika yakiwa yamekolea, majani yananifika kiunoni, mashine ilipandisha mlio ghafla, mlio mwembamba kama inalia, halafu ikazima. Nikavuta kamba, haivutiki. Fundi wa hapa akaifungua akasema imenoki, yaani pistoni imekwama ndani ya silinda. Pistoni ninayo nyumbani. Upande mmoja bado ni safi, unang'aa. Upande unaotazama ekzosti umechimbika mistari ya wima, ukipitisha ukucha unakwama, na ringi ya juu imefunikwa na alumini iliyosuguka, haichezi hata kidogo.

Nimekopa kwenye kikoba nimenunua nyingine ya aina ileile, mtumba pia. Kibandiko cha karibu na tangi kimefutika. Sijaiwasha mpaka leo, naogopa. Wa duka la spea ananiambia 25:1, yaani petroli sehemu 25 kwa oili sehemu moja. Fundi anasema 50:1. Jamaa wa bodaboda anasema mwaga oili mpaka petroli ibadilike rangi, basi. Mimi natia vizibo vitatu vya chupa ya maji, nilivyofundishwa na mzee niliyeanza naye kazi. Petroli nachukua sheli ya elfu kumi, oili nanunua ya kupimiwa, wanachota kwenye dumu kubwa wanakujazia kichupa.

Fundi anasema petroli ilichakachuliwa. Ni kweli? Na kwenye huo mchanganyiko nani yuko sahihi? Deni la kikoba naanza kulilipa mwezi ujao, naombeni mnijibu kwa uhakika.

Dereva Msamvu

Pole mkuu. Hapo ni mafuta ya taa tu, wanachanganya hawa. Badilisha sheli.

Fundi Chenso, Mafinga

Pole sana kijana wangu. Mimi natengeneza chenso za vijana wanaovuna paini huku Sao Hill, na pistoni kama hiyo unayoieleza nimezishika nyingi. Kabla ya kuihukumu sheli, nisaidie mambo mawili. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la ml 20, halafu pima hicho kizibo chako kinaingia ml ngapi. Pili, tafuta risiti ya sheli uangalie hiyo elfu kumi inakupa lita ngapi.

Na umuulize huyo mzee: vile vizibo vitatu alikuwa anatia kwenye petroli kiasi gani?

Mfyekaji wa Kihonda

Shikamoo fundi. Nimepima kwa maji mara tatu, kizibo kikijaa mpaka ukingoni ni ml 6. Risiti ya mwisho inasoma lita 3.3.

Mzee nimempigia simu. Anasema yeye alikuwa anakwenda sheli na chupa ya maji, anawekewa lita moja, ndiyo anatia vizibo vitatu. Kazi zilipokuwa nyingi mimi nikaanza kuchukua ya elfu kumi ili nisikatize katikati ya uwanja. Vizibo nikabaki navyo vitatu vilevile.

Fundi Chenso, Mafinga

Marahaba. Basi jibu umelipata mwenyewe, ila twende nalo polepole maana wengi humu wanafanya hivyohivyo.

Mzee alitia ml 18 kwenye lita moja. Gawa 1000 kwa 18, inakuja kama 55:1. Yuko karibu sana na 50:1, ndiyo maana mashine yake ilidumu. Wewe umetia ml 18 zilezile kwenye lita 3.3. Gawa 3300 kwa 18, unapata 183:1. Kwa 50:1 ulitakiwa kutia ml 66. Mashine ilikuwa inakunywa chini ya theluthi moja ya oili yake. Kwenye bustani ya nyumba, unafyeka dakika kumi unapumzika, itakuvumilia. Kwenye majani ya kiunoni, jua la mchana, kichapuzi umekikamata mpaka mwisho kwa nusu saa, haivumilii.

Injini ya namna hii haina bakuli la oili chini kama ya gari au ya pikipiki za siku hizi. Oili yote inayolainisha pistoni, beringi na kranki inaingia pamoja na petroli. Na haina maji ya kuipooza, inapoozwa na upepo wa feni tu. Upande wa ekzosti ndiko moshi wa moto unakopitia, kwa hiyo oili ikipungua utando unakatika upande ule kwanza, alumini inaanza kuikwaruza silinda. Ingekuwa umesahau oili kabisa, mara nyingi ungekuta mikwaruzo pande zote. Pistoni yako inasema oili ilikuwepo, ila haikutosha.

Petroli yenye mafuta ya taa nayo inaua, sikatai: inagonga ndani, inapandisha joto. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya siri, kwenye mafuta 2010 kwa sababu mchezo huo ulikuwepo kweli, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili bei isiwe kishawishi. Ukiwa na shaka dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe uliache likauke. Petroli inaruka, mafuta ya taa yanaacha doa la mafuta. Lakini kwako sina haja ya kwenda huko. 183:1 inatosha kuua mashine hata ukitumia petroli safi kabisa.

Ubaya wa kununua ya elfu kumi ni huu: bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa ya mafuta inayoruhusiwa, inatangazwa upya kila mwezi, Jumatano ya kwanza. Elfu kumi ya mwezi huu si lita zilezile za mwezi ujao. Ukipima oili kwa shilingi, mchanganyiko wako unabadilika na wewe hujui. Nunua dumu la lita 5, mwambie wa sheli nataka lita 5 kamili, uisome namba kwenye pampu.

Sasa 25 na 50. Wote wawili hawajakudanganya, kila mmoja ameshika nusu. Kitabu cha mashine yako kinasema 50:1 ukitumia oili ya kampuni yenyewe, na 25:1 ukitumia oili nyingine ya daraja la TC, daraja la oili za kuchanganya na petroli. Kwa lita 5, 50:1 ni ml 100, na 25:1 ni ml 200. Kwa hiyo swali la kwanza ni umeshika kopo gani mkononi, uwiano unafuata baadaye. Na hiyo ya kwenye dumu la dukani, naomba uiache leo hii. Hakuna anayejua ni nini. Inaweza kuwa namba 40 ya gari, na oili ya gari haikutengenezwa iungue: inaacha majivu na masizi, plagi inajaa, tundu la ekzosti linaziba.

Tafuta kopo lililofungwa, geuza usome nyuma. Ukiona JASO FD au ISO-L-EGD, alama za ubora wa oili za kuchanganya, hiyo ni nzuri, inaacha masizi machache zaidi kwenye joto kali. JASO FC, ya daraja moja chini yake, nayo inafaa. Mimi kwa mashine ya mtumba isiyo na dhamana, nikiwa na FD ya kampuni nyingine, natia 40:1, yaani ml 25 kwa lita, ml 125 kwa dumu la lita 5. Huo ni uamuzi wangu kutokana na kazi za huku. Ukiwa na oili yenye jina la mashine yenyewe, baki na 50:1 ya kitabu.

Habari ya rangi, usiisikilize. Rangi ya bluu au kijani au nyekundu wameiweka ili ujue dumu hili tayari lina oili, usije ukajaza petroli tupu. Oili kidogo sana inatosha kupaka rangi dumu zima. Haipimi chochote.

Namna ya kuchanganya: weka petroli kama nusu ya dumu, tia oili yote, funga, tikisa vizuri, halafu malizia petroli utikise tena. Kila unapojaza tangi, tikisa kwanza. Kisha kabla hujaipa kazi hiyo mashine uliyonunua, safisha filta ya hewa, angalia mpira unaounganisha kabureta na silinda kama haujapasuka. Ule mlio mwembamba uliousikia unaweza pia kuwa wa mashine iliyokosa petroli ya kutosha kulingana na hewa inayovuta, na mpira uliopasuka unaleta mlio kama huo.

Mvuvi Ukerewe

Fundi ameeleza vizuri, naongeza la kwetu. Mwanangu alichukua oili ya injini ya boti akatilia chenso ya kupasulia kuni, akijua zote ni 2T, yaani oili za kuchanganya na petroli. Ilifanya kazi wiki chache, halafu ikaanza kukosa nguvu. Kufungua, ringi zimeganda kwenye mifereji yake kwa utando mweusi. Oili ya boti kopo lake limeandikwa TC-W3, na injini ya boti inapoozwa na maji ya ziwa. Haifiki joto la chenso hata siku moja. Kila oili ibaki kwake. Na ninyi wenye boti msichukue uwiano wa chenso pia. Boti nyingine ni 50:1, nyingine 100:1, someni kibandiko cha injini yenyewe.

Mama Bustani, Tengeru

Naomba niseme moja kwa wenye vijana wa kazi. Mimi nina mashine mbili za kufyekea, moja ya kuchanganya na nyingine GX35 ambayo ni foostroki, oili yake inakaa peke yake na ina kifuniko chake cha kujazia. Kwa macho zinafanana sana. Kijana alijaza mchanganyiko kwenye ile ya foostroki, ikatoa moshi na plagi ikachafuka, tukasafisha ikapona. Siku nyingine akajaza petroli tupu kwenye ile ya kuchanganya. Hiyo haikupona. Sasa dumu la mchanganyiko nimelifunga kitambaa chekundu kwenye mkono na limeandikwa kwa maka tarehe niliyochanganya. Fundi, yaliyobaki yanakaa muda gani?

Fundi Chenso, Mafinga

Mama, mwezi mmoja, usivushe, na dumu likae kivulini limefungwa vizuri. Petroli inakufa ikikaa. Kama msimu wa kufyeka umeisha, mwaga iliyobaki kwenye tangi kurudisha kwenye dumu, washa mashine iunguze iliyomo kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Viwambo vya kabureta vikikauka na petroli ya zamani vinakuwa vigumu kama plastiki, na hapo ndipo watu wanasema mashine haiwaki baada ya kiangazi.

Mfyekaji wa Kihonda

Fundi nimerudi. Kopo la FD nimelipata mjini. Lita 5 kamili, mabomba sita na ml 5 juu yake, nimetikisa kama ulivyosema. Mpira wa kabureta ulikuwa mzima, filta ilikuwa imejaa vumbi na majani makavu, nimeiosha. Leo nimemaliza matangi matatu kwenye uwanja wa mpira wa shule, nimepumzisha kila tangi. Jioni nimefungua plagi: ncha ina rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea.

Kitu kimoja kinanisumbua. Kwenye tundu la sailensa kuna unyevunyevu mweusi wa oili, ukigusa unabaki kwenye kidole. Nipunguze oili?

Fundi Chenso, Mafinga

Usipunguze. Rangi ya plagi yako ni nzuri. Hiyo mashine ni ya mtumba na hujui mwenzio alikuwa anatia nini. Fungua kifuniko cha sailensa, ndani utakuta kiwavu kidogo cha chuma. Kama kimeziba na masizi ya zamani, kisugue kwa brashi ya waya mpaka uone mwanga upande wa pili, urudishe. Kesho ukifyeka matangi mawili ya kichapuzi kamili, angalia tena hapo kwenye tundu uniambie.