Kuanza mbio za magari ya kiti kimoja ukubwani

Swali: Ndugu zangu, nina miaka 52, naishi Uingereza, na natamani sana kushindana katika magari ya kiti kimoja. Nianzie wapi?

Jibu: Kaka, anza na leseni ya Motorsport UK, chama kinachosimamia mbio za magari Uingereza, ambayo hudai kwanza ufaulu mtihani wa ARDS, yaani wa umoja wa shule za madereva wa mbio, wenye maswali ya maandishi na uendeshaji uwanjani.

Jibu: Ningechagua Formula Ford 1600, daraja la mbio za magari ya kiti kimoja lililoanza katika uwanja wa Brands Hatch mwaka 1967; magari yake hayana mabawa ya kuyagandamiza chini, hivyo kwenye kona unategemea matairi na mikono yako, na hapo ndipo dereva hujifunza kweli.

Jibu: Itazame pia Formula Vee, daraja jingine la magari ya kiti kimoja, yenye injini ya Volkswagen Beetle ya cc 1300. Tenga fedha za matengenezo mapema, kwani bima ya kawaida ya barabarani haigharamii uharibifu wa mbioni.